Chumvi kutoka Endulen

Karatu
3 Februari 2024

Dada Namunyak,

Salamu kutoka kwa mke mwenzio wa mjini. Nakuandikia kwa mkono wa Metui, dereva wa gari la mnada, maana simu yako nimeipiga mpaka kidole kimechoka na anayepokea ni yule mwanamke wa mtandao tu. Ukitaka kunijibu, mpe Metui huyohuyo.

Binti yako Sintamei alifika salama na ameanza kidato cha kwanza. Shuka zake niliziloweka mara tatu, na maji ya tatu bado yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Usichukie, nakueleza tu. Anakula kidogo, na ukimuuliza kitu anajibu kwa mabega.

Jambo la pili ni la furaha. Mume wetu ameninunulia tangi la kioo la samaki. Aliwapeleka wageni wake wa utalii kwenye lodge moja, akaona tangi kama hilo pale mapokezi, akasema nyumba yake haina sababu ya kupitwa. Samaki ni sita, wa rangi ya dhahabu, wametoka Arusha kwa muuzaji mmoja anaitwa Josephati. Tangu wafike wamejibanza nyuma ya pampu, mapezi yamewaganda mwilini, chakula wanakitema. Josephati anasema huo ni msongo. Samaki mgeni hataki taa kali, hataki kelele, hataki mtu agonge kioo. Basi redio nimezima, na mtoto wako nimemwagiza apite sebuleni kwa vidole vya miguu.

La mwisho. Mume wetu Lemayian amenieleza ile desturi yenu ya Kimaasai, kwamba mke asiyejaliwa kuzaa hupewa mtoto wa mke mwenzake akamlea awe wake kabisa. Anasema shule zikifungwa Juni atalipeleka kwa wazee, na mtoto anayemtaja ni Sintamei. Mimi sikuomba. Ila nikipewa sitakataa.

Ni mimi,
Ndeshi


Endulen
17 Februari 2024

Kwako Mama Samaki,

Usikasirike. Huku mwanamke huitwa kwa alichonacho. Mimi ni Mama Sintamei, jirani yangu ni Mama Ngoyai, na wewe sasa tumekupatia jina. Barua yako niliwasomea wanawake wenzangu tukisubiri zamu ya maji. Walicheka mpaka punda wakageuka kututazama. Mmoja aliuliza mara mbili: yaani Lemayian amechota maji, akayatia ndani ya kioo, ili yakae tu? Huku dumu moja ni safari ya asubuhi nzima, na hatuoshi nalo mkia wa samaki.

Sisi Mungu alituhurumia. Ziwa la kule chini kwenye kreta ni magadi matupu, halina samaki hata wa kusimulia. Ukimtia humo hafiki jioni. Ndiyo maana sikujua kama kuna kiumbe cha Mungu kinachougua kwa sababu ya kutazamwa.

Sasa nisikilize. Sintamei nimekuazima, sikukupa. Desturi hiyo ipo, naijua kuliko wewe uliyesimuliwa kitandani. Lakini mama huombwa, haamriwi, na mtoto hupewa mwanamke mwenye mkono wa kulea. Wazee watauliza mkono wako umewahi kulea nini. Utawaletea hao sita kwenye ndoo?

Lemayian amekuoa mwaka wa tisa huu. Sisemi kitu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na wewe lala salama na samaki wako.

Namunyak, Mama Sintamei


Karatu
16 Machi 2024

Namunyak,

Na mimi nilicheka. Kisha nikafunga duka mapema nikaenda nyumbani kulia, kwa hiyo ukitaka kujua kama mshale ulifika, ulifika.

Wawili wamekufa. Niliwaua mwenyewe kwa usafi. Jumamosi nilimwaga maji yote, nikasugua kioo kwa sabuni, sponji ya chujio nikaichemsha, kama nyumba ya Mchaga inavyotakiwa kuwa. Josephati alinifokea kwenye simu kama mtoto. Kumbe tangi jipya ni changa. Uchafu wa samaki hugeuka sumu usiyoiona kwa macho, na ndani ya sponji huota vijidudu vinavyoila sumu hiyo polepole. Mimi nilivichemsha vyote. Sasa nina matone ya kupimia: maji yakigeuka ya njano ni heri, yakigeuka ya kijani ni sumu. Maji ya bomba tunayalaza kwenye ndoo siku mbili ili dawa itoke, tunabadilisha kidogo kidogo, chakula ni chembe tu. Wanne waliobaki wameanza kutoka nyuma ya pampu. Mmoja hunifuata kidole.

Ulisema wazee watauliza mkono wangu umelea nini. Vizuri. Nimemwambia Lemayian mwenyewe: hawa wanne wakifika Juni wazima, awalete wazee wake sebuleni kwangu waone. Amecheka, lakini amekubali.

Mtoto wako ndiye anayelaza maji na kuyabadilisha, maana mimi nashinda dukani. Mwanzoni alipita hapo amefumba macho, anasema samaki ni ndugu wa nyoka. Nikamwambia asiyewahudumia samaki hali chakula cha jioni. Kesho yake macho yalifumbuka.

Nina ombi. Josephati anasema chumvi kidogo humtuliza samaki mwenye msongo, ila si hii ya dukani yenye madini joto. Nikakumbuka kwamba ninyi hununua chumvi ya mawe kwa ajili ya ng'ombe. Nitumie kidogo kwa Metui. Najua unavyonipenda, ila chumvi haina ugomvi.

Ndeshi


Endulen
6 Aprili 2024

Mdogo wangu mpendwa Ndeshi,

Mvua zimeharibu barabara, ndiyo maana nimechelewa. Barua yako imenigusa. Nilikuwa na ulimi mkali na jina lile sitakuita tena. Sisi ni wake wa mwanaume mmoja, tukichomana macho yeye ndiye atakayebaki anaona.

Chumvi hiyo hapo, kopo zima. Nimeitwanga mwenyewe kwenye jiwe, nikaichekecha iwe laini kama unga, isiwakwaruze. Ng'ombe wangu aliyekuwa halali wala hasimami aliilamba, sasa anakimbizana na ndama. Dawa ya nyikani haitaki mkono mwembamba. Weka kiganja kizima kwa kila ndoo, na mwambie Sintamei aimwage yote kwa mara moja, maana dawa ya nusu nusu humchosha mgonjwa.

Mtoto asinyimwe chakula, nakuomba. Huyo ni wa maziwa asubuhi na jioni, si wa kulala njaa kwa ajili ya samaki.

Nimeliombea kopo hilo kabla ya kulifunga.

Dada yako,
Namunyak


Karatu
14 Aprili 2024

Yeyo, mama yangu,

Shikamoo. Samaki wamekufa wote.

Nilifanya kama ulivyoandika. Mama Mdogo alinisomea barua yako, akasema nitie kabla sijaenda kanisani, yeye akatangulia kwaya. Niliichanganya kwenye ndoo kiganja kiganja, nikamimina. Uji wangu haujapoa wakaanza kupanda juu, midomo wazi, kama wanaomba hewa. Mashavu yao yakawa mekundu kama yamechubuliwa. Yule anayemfuata Mama Mdogo kidole alikuwa anajigonga kwenye kioo. Nilijaribu kumshika, Yeyo, nilimshika kwa mkono wangu, akafia mkononi.

Mama Mdogo alirudi akakaa kwenye kochi bila kuvua viatu. Hakupiga kelele. Aliniuliza nimetia sabuni kiasi gani. Nikasema sikutia sabuni, nimetia chumvi ya Yeyo tu. Akasema Yeyo wako anawezaje kuua samaki na yuko Endulen? Amenifanya niwatoe mmoja mmoja kwa vidole, niwazike nyuma ya choo, na amenikataza kunawa mpaka Baba arudi kutoka Serengeti. Nilikula kwa mkono wa kushoto.

Baba amerudi leo mchana. Alinisimamisha mbele ya majirani akasema mtoto mwongo ni mbaya kuliko mtoto mzembe. Mpaka niseme ukweli sitakuja likizo, na Mama Mdogo hataongea na mimi.

Ukweli ndio huo niliousema. Waandikie, Yeyo. Waambie ile chumvi ni ya namna gani, wajue si mimi. Wewe ukisema watakuamini. Namsubiri Metui kila siku.

Mwanao,
Sintamei


Karatu
15 Aprili 2024

Namunyak,

Samaki wangu wamekufa, na binti yako ndiye aliyewaua kwa sabuni. Yeye anasema hapana. Baba yake anasema mwongo.

Kama una neno lolote juu ya jambo hili, neno lolote, liandike. Nitalisoma mbele ya Lemayian kama lilivyo. Nasubiri.

Ndeshi


Endulen
27 Aprili 2024

Ndeshi,

Pole kwa msiba. Huku hatujui kama samaki wanawekewa matanga.

Umetaka neno, basi chukua. Maji yenu ya mjini yana dawa, hewa yenyewe mnaisukuma kwa umeme, na siku umeme ukikatika kiumbe kinakufa. Wawili uliwaua kwa mkono wako na ukaniandikia mwenyewe. Nashangaa kwa hao wanne waliobaki mnamtafuta mchawi. Chumvi yangu ng'ombe wote wameilamba na wananenepa, muulize Metui.

Mtoto ni mtoto. Kama alikosea, mchape kidogo yaishe, ila Juni arudi nyumbani. Wazee nimeshawapelekea habari. Nimewauliza swali moja tu: mwanamke aliyeshindwa na samaki atapewaje mtoto wa watu? Bado hawajanijibu, lakini mzee mmoja alitikisa kichwa kwa muda mrefu.

Namunyak, Mama Sintamei


Endulen
27 Aprili 2024

Sintamei wangu,

Barua hii Metui atakupa mkononi. Ukiisoma itie motoni jikoni.

Kubali. Waambie ilikuwa sabuni, ulikosea, unaomba msamaha. Baba yako hasira yake haimalizi wiki. Lawama haivunji mfupa, mwanangu, na wewe ni mtoto wa watu wanaovumilia.

Chumvi usiitaje tena. Ukiitaja wataanza kuuliza maswali, na maswali yakifika kwa wazee mimi nitakukosa. Nimefanya niliyofanya ili urudi kwangu. Siku moja utazaa na utanielewa.

Ngozi yako ya kulalia nimeianika. Vumilia mpaka Juni.

Yeyo wako


Karatu
11 Mei 2024

Namunyak,

Nilijua tangu Jumapili ileile.

Mtoto alipoenda kuwazika, nilikwenda kwenye kopo lako. Ulibaki unga kidogo chini. Nikauonja. Dada, ulinisahau mimi ni mtu wa wapi. Nimekula kiburu, ndizi na maharage yaliyopikwa kwa magadi, tangu sijaota meno, na hakuna Mchaga anayekosea ladha ya magadi, hata uyachanganye na chumvi, hata uyatwange na kuyachekecha. Nikachemsha maharage ili nisikusingizie. Nilitia kijiko kimoja cha dawa yako. Yaliiva upesi hata sikuwahi kumaliza kuosha vyombo.

Nikampigia Josephati. Akasema hata kama ningekuwa na adui hapo Karatu asingeweza kuchagua vizuri zaidi. Tangi likiwa changa sumu yake imelala. Magadi huiamsha yote kwa mara moja. Nikakumbuka barua yako ya kwanza, ulivyojisifia ziwa lenu. Ukimtia humo hafiki jioni. Uliniandikia mwenyewe.

Sikumwambia mtu. Nilimwacha mtoto abebe. Nilimwacha akae na mikono inayonuka samaki, nikamwacha baba yake amwite mwongo mbele ya majirani, na kila usiku nilimsikia analia nikageukia ukutani. Nilitaka kuona mwenye uchungu wa mwana atachukua muda gani kusema ni mimi. Nilikuandikia nikakuomba neno moja. Ungeliandika ningemrudisha mtoto kwako wiki ileile na wazee ningewaambia sitaki tena, naapa mbele za Mungu, maana ningekuwa nimeshindwa na mama. Ukaniletea mzee anayetikisa kichwa.

Utasema na mimi ni mkatili. Ndiyo. Lakini mimi sikuwahi kudai kwamba uchungu wa mwana naujua. Uliudai wewe.

Siku Metui alipomletea barua yako aliisoma amesimama mlangoni, kisha akaingia jikoni akaitia motoni. Sikumuuliza. Baadaye nilimwita tupike pamoja. Nikampa kopo lako atie mwenyewe kwenye maharage. Yalipoiva haraka akaniuliza hii ni nini. Nikamwambia. Nikamwambia na mengine yote, kwamba nilijua, na kwamba nilinyamaza, nikapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni nikamwomba radhi. Yeye akapakua, akala sahani nzima. Tangu Februari sikuwahi kumwona akimaliza sahani.

Lemayian nimemwambia mtoto hakutia sabuni, yalikuwa makosa ya maji. Amemwomba radhi na yeye, kwa namna yake. Jina lako sijalitaja. Anasema kabla ya wazee kukaa atamuuliza Sintamei anataka kuishi wapi, na atakalosema ndilo atakalolipeleka.

Mama Samaki


Endulen
18 Mei 2024

Sintamei wangu,

Natuma Metui akuchukue, usingoje shule ifungwe. Usichukue chochote, njoo ulivyo.

Mwanamke huyo amekujaza maneno. Ni kweli nilitia magadi, lakini yalikuwa ya samaki, hayakuwa yako. Sikujua kwamba ni mkono wako watakaoushika. Nilipojua nilikuwa nimeshawaambia wazee. Niliogopa, mwanangu. Nisikie sauti yako tu. Metui ana simu, mwambie akuazime akifika penye mtandao, nami nitapanda kilimani kila siku kusikiliza.

Yeyo wako, yeyo wako


Karatu
25 Mei 2024

Kwako Mama Mkubwa,

Shikamoo. Metui amefika na nimempa barua hii badala yangu.

Baba ameniuliza, na nimemjibu mwenyewe bila kulazimishwa na mtu. Nabaki Karatu. Usimlaumu Mama. Yeye alinikosea akaniambia kwa mdomo wake. Wewe ulinikosea ukaniambia ninyamaze. Barua yako niliitia jikoni kama ulivyoagiza, na hii ya pili sitamwonyesha mtu wala sitamwambia mzee yeyote, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Josephati ametuletea samaki wengine. Ni wawili tu kwanza, mpaka tangi likomae. Maji nayalaza mimi na matone napima mimi. Siwaogopi tena. Ngozi yangu ya kulalia mpe mtoto wa Mama Ngoyai.

Kopo lako nalirudisha kwa Metui. Ulinifundisha kwamba chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo nimelijaza maharage. Yatie ile chumvi ya ng'ombe wako, yataiva upesi.

Sintamei